Lugha Mbili, Halmashauri Moja

Katika nchi ya Ufini, haki ya mtu kusikilizwa kwa lugha yake mbele ya karani wa halmashauri ina namba. Ni asilimia 8, au watu 3000. Ikitimia mojawapo ya namba hizo, wale wasemao lugha ya wachache huandikiwa barua kwa lugha yao, watoto wao huendeshewa masomo kwayo, na majina ya mitaa huandikwa mara mbili kwenye vibao. Isipotimia, aghalabu mambo hayo hayawi tena wajibu wa halmashauri. Nimeishi miaka kadhaa Vaasa, mji ulioko pwani ya magharibi ya nchi hiyo, na jambo hili la namba halijanitoka kichwani tangu nilipolifahamu. Sisi tuliokulia Tanzania tumezoea kusikia lugha ikitajwa kwa maneno makubwa: ukombozi, umoja, utamaduni, heshima ya Mwafrika. Wafini nao wana maneno yao makubwa, tena hayana upungufu, lakini mwishowe waliyaweka kwenye mizani na kuuandika uzito wake katika sheria. Nilitaka kujua ni nani aliyeishika mizani hiyo, na kwa nini.

Lugha zenyewe ni Kifini na Kiswidi. (Uswidi, si Uswisi. Hata katika ofisi za posta za kwetu nchi hizi mbili huchanganywa.) Kiswidi ni ndugu wa Kijerumani na Kiingereza. Kifini si jamaa yao hata kidogo. Nduguye wa karibu ni Kiestonia, na kwa mbali sana Kihungari. Mdigo akimsikia Mgiriama atadaka maneno mengi, lakini Mfini asiyejifunza Kiswidi hawezi kudaka kitu. Kwa hiyo watu wawili waliozaliwa mtaa mmoja wanaweza kuwa wageni kabisa kwa masikio.

Ufini ilikuwa sehemu ya ufalme wa Uswidi kwa karne nyingi, tangu Zama za Kati hadi mwaka 1809. Haikuwa koloni kwa maana tunayoijua sisi. Ilikuwa majimbo ya mashariki ya ufalme uleule, yenye sheria zilezile na wajumbe katika bunge lilelile la Stockholm. Kiswidi kilikuwa lugha ya maofisa, ya mahakama, ya chuo kikuu na ya wafanyabiashara wa mijini. Lakini hapa wengi hukosea wakidhani kwamba kila msemaji wa Kiswidi alikuwa bwana mkubwa. Katika pwani za kusini na magharibi, na katika visiwa, walikuwepo tangu kale wavuvi na wakulima wadogo wasiojua lugha nyingine ila Kiswidi, maskini sawasawa na wenzao wa bara. Historia yote ya ugomvi wa lugha nchini humo inapinda kwa sababu ya watu hao. Lau Kiswidi kingekuwa lugha ya wakubwa tu, kingeondoka pamoja nao.

Kifini hakikukosa maandishi. Mikael Agricola alitoa kitabu cha alfabeti mwaka 1543 na Agano Jipya mwaka 1548. Lakini vitabu vya dini ni jambo moja, na faili la ofisi ni jambo jingine. Mkulima wa bara aliyekuwa na kesi ya mpaka wa shamba aliweza kujieleza kwa Kifini, ila kumbukumbu za kesi na hukumu ziliandikwa kwa Kiswidi, na karatasi aliyorudi nayo nyumbani hakuweza kuisoma hata kama kusoma alijua. Jambo hilo Mtanzania hahitaji kufafanuliwa. Kwetu pia, katika mahakama za juu, shahidi alisema kwa Kiswahili na hukumu ikaandikwa kwa Kiingereza, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 ili kukipa Kiswahili nafasi ya lugha ya sheria na ya mahakama.

Mwaka 1809 Uswidi ilishindwa vitani na Ufini ikawa chini ya Kaisari wa Urusi. Kaisari Alexander I aliwaachia Wafini sheria zao, dini yao na utawala wao wa ndani. Pamoja na utawala huo akawaachia na lugha yake, ambayo ilikuwa Kiswidi. Ikawa ajabu: Mrusi anatawala, Mfini anatawaliwa, na karatasi zote ni za Kiswidi. Hali hiyo ilidumu zaidi ya nusu karne.

Mtu aliyefanya kazi kubwa kuigeuza ni Johan Vilhelm Snellman, mwanafalsafa na baadaye mjumbe wa serikali, aliyezaliwa Stockholm mwaka 1806. Hoja yake ilikuwa kwamba taifa haliwezi kuwa na akili moja ikiwa wasomi wake wanafikiri kwa lugha ambayo wananchi hawaijui, na kwamba ni wasomi wanaopaswa kuhama, si wananchi. Hoja hiyo aliiandika kwa Kiswidi. Simcheki. Nimehudhuria makongamano mengi ya wasomi wetu yaliyokitetea Kiswahili kwa Kiingereza safi kabisa, na ninajua kwamba anayetaka kuwashawishi wenye madaraka huanza na lugha wanayoielewa. Wakati huohuo Elias Lönnrot alikuwa amekwisha kusanya mashairi ya wazee wa Karelia na kuyatoa kwa jina la Kalevala mwaka 1835, kazi ambayo Jan Knappert, tunayemfahamu kwa utafiti wake wa tenzi, aliileta hata katika Kiswahili. Baada ya Kalevala haikuwa rahisi tena kusema kwamba Kifini hakina fasihi.

Tarehe 1 Agosti 1863 Kaisari Alexander II alitoa amri ya lugha. Ilisema kwamba katika muda wa miaka 20 Kifini kiwe sawa na Kiswidi katika mambo yote yanayowahusu moja kwa moja wananchi wasemao Kifini, na kwamba tangu siku hiyo ofisi na mahakama zipokee hati zilizoandikwa kwa Kifini. Miaka 20! Waliokuwa na haraka waliudhika. Mimi naiona amri hiyo kuwa ya watu waliojua kazi ya ofisi ilivyo. Karani aliyesoma kwa Kiswidi maisha yake yote hageuki kwa usiku mmoja. Inabidi azaliwe karani mwingine. Shule ya kwanza ya sekondari iliyofundisha kwa Kifini, ile ya Jyväskylä, ilikuwa imefunguliwa mwaka 1858 tu. Waliotoka hapo na katika shule zilizofuata ndio waliokuja kujaza viti.

Miaka miwili baada ya amri hiyo, mwaka 1865, halmashauri za vijijini zilitenganishwa na parokia za kanisa, na miji ikafuata mwaka 1873. Chombo hicho Wafini hukiita kunta, nami hapa nakiita halmashauri, ingawa chao kimekuwa na madaraka mapana kuliko tunayoyajua: shule, barabara, mipango miji, na hadi juzi hospitali. Ila kura za wakati ule zilihesabiwa kwa kodi. Aliyelipa kodi kubwa alikuwa na kura nyingi. Katika miji ya pwani wenye kodi kubwa walikuwa wafanyabiashara wasemao Kiswidi, basi hata baada ya vitongoji vya wafanyakazi kujaa wahamiaji kutoka bara wenye Kifini chao, ukumbi wa mji uliendelea kuzungumza Kiswidi. Mwaka 1906 Ufini ilipata bunge la watu wote, wanaume kwa wanawake, kabla ya karibu nchi zote za dunia. Lakini ilibidi kungoja hadi 1917 ndipo sheria ya halmashauri ikampa kila mtu mzima kura moja.

Mwaka huohuo wa 1906, katika kuadhimisha miaka 100 tangu kuzaliwa kwa Snellman, makumi ya maelfu ya Wafini waliyaacha majina yao ya ukoo ya Kiswidi na kuchukua ya Kifini. Mchoraji Axel Gallén alijiita Akseli Gallen-Kallela mwaka uliofuata. Na wasemaji wa Kiswidi, wavuvi na mabwana pamoja, wakaunda chama chao cha siasa, ambacho hadi leo kimo bungeni. Kura moja kwa kila mtu iliwafanya waone kwa mara ya kwanza kwamba wao ni wachache. Sensa ya mwaka 1900 iliwakuta karibu asilimia 13 ya watu wote.

Uhuru ulikuja Desemba 1917, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1918, na katiba mwaka 1919. Katiba hiyo ilisema kwamba Kifini na Kiswidi ni lugha za taifa. Neno lililochaguliwa halikuwa «lugha ya walio wachache». Ni lugha za taifa, zote mbili, kwa hadhi moja. Lakini hadhi moja inatekelezwaje katika kijiji cha Savo ambako hakuna msemaji wa Kiswidi hata mmoja? Hapo ndipo sheria ya lugha ya mwaka 1922 ilipoleta namba. Ilifanya halmashauri kuwa kipimo. Halmashauri ambayo wachache wake walifika asilimia 10 iliitwa ya lugha mbili. Isiyofika iliitwa ya lugha moja. Kisha ikaongeza kifungu ambacho mimi nakipenda kuliko vyote: halmashauri iliyokwisha kuwa ya lugha mbili isishushwe mpaka wachache wapungue chini ya asilimia 8. Yaani mlango wa kuingia ulikuwa juu kuliko mlango wa kutoka. Aliyeandika hivyo alijua kwamba mtoto mmoja akizaliwa au familia moja ikihama, shule isifungwe leo na kufunguliwa kesho.

Walikuwepo waliotaka njia nyingine. Wapo wasemaji wa Kiswidi waliotaka majimbo yao wenyewe yenye utawala wa ndani, na visiwa vya Åland vilikuwa tayari kujiunga na Uswidi kabisa. Umoja wa Mataifa wa wakati ule, ule uliokuwa na makao Geneva, uliamua mwaka 1921 kwamba visiwa vibaki Ufini lakini vilindiwe lugha yao, na hadi leo halmashauri zote 16 za Åland zina Kiswidi peke yake. Kwa bara ilichaguliwa njia ya kuhesabu. Haina mpaka wa kuchora kwenye ramani wala haiwatengi watu. Ubaya wake ni kwamba inawafanya watu watazame idadi ya majirani zao.

Hilo lilionekana waziwazi baada ya vita na Urusi. Mwaka 1944 Ufini ilipoteza sehemu kubwa ya Karelia, na watu zaidi ya 400,000 wakawa hawana makao katika nchi yenye watu wasiofika milioni 4. Sheria ya ardhi ya mwaka 1945 iliamuru mashamba yamegwe ili wapewe. Ndani yake kulikuwa na kifungu cha lugha: ugawaji usibadilishe uwiano wa lugha katika halmashauri za Kiswidi. Wakarelia walikuwa wasemaji wa Kifini, hivyo sehemu kubwa ya pwani haikuwapokea kama bara lilivyowapokea. Nimesikia jambo hili likisimuliwa kwa namna mbili. Upande mmoja husema: watu walikuwa wamelala ndani ya mabehewa ya mizigo na nyinyi mnahesabu lugha. Upande wa pili husema: bila kifungu kile, katika mwaka mmoja vijiji vya karne nyingi vingekuwa vimekwisha, na vilikuwa vimetoa askari wao kama vingine. Sioni ni nani kati yao wa kumwambia amekosa. Naona tu kwamba sheria inayopima haki kwa uwiano lazima siku moja ifike mahali ambapo mgeni mwenye njaa anakuwa tatizo la hesabu.

Baadaye wasemaji wa Kiswidi walipungua kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1950 na 1960 wengi wao walivuka bahari kwenda Uswidi kutafuta kazi, ambako viwanda vililipa vizuri na lugha wanaijua. Miji nayo ilivimba kwa watu wa bara. Ikiwa kipimo kingebaki asilimia peke yake, miji mikubwa yote ingetoka kwenye orodha. Mwaka 1975 kipimo kilirekebishwa: asilimia 8, au watu 3000 hata kama ni asilimia ndogo kiasi gani. Sheria mpya ya lugha, iliyopitishwa mwaka 2003 na kuanza Januari 2004, iliendelea na namba hizo. Halmashauri haipotezi lugha ya pili mpaka wachache wawe pungufu ya 3000 na pia chini ya asilimia 6.

Faida ya hiyo 3000 ni kubwa. Helsinki, mji uliozungumza Kiswidi zaidi kuliko Kifini hadi mwishoni mwa karne ya 19, sasa una wasemaji wa Kiswidi kiasi cha asilimia 5 au 6. Turku, uliokuwa mji mkuu wa kale, ni vivyo hivyo. Vantaa, ulioko uwanja mkubwa wa ndege, una asilimia 2 na kidogo. Yote hii ni ya lugha mbili kwa sababu ya idadi ya vichwa, si kwa sababu ya uwiano. Pamoja na hayo kuna mlango wa hiari: baraza la madiwani laweza kuiomba serikali kuu iipe halmashauri hadhi ya lugha mbili hata kama namba hazitoshi. Mji wa Lohja, magharibi ya Helsinki, hauna 3000 wala asilimia 6, lakini madiwani wake, ambao wengi wao ni wa Kifini, waliomba kubaki na lugha mbili. Wabishi hukumbusha kwamba halmashauri za lugha mbili huongezewa ruzuku kidogo. Ni kweli. Ruzuku hiyo haijawashawishi wengine wengi kuomba.

Kwa jumla halmashauri za lugha mbili ni 33, katika nchi yenye halmashauri zaidi kidogo ya 300. Msafiri huzitambua kwa vibao. Lugha ya walio wengi huwa juu. Ukiwa katika mji wa Vaasa utasoma Vaasa kisha Vasa, kwa kuwa Kifini ndicho kikubwa. Ukivuka mpaka kuingia halmashauri inayouzunguka, ambayo ina Kiswidi kingi zaidi, utasoma Korsholm juu na Mustasaari chini. Unaendesha gari dakika chache na walio wengi wamekuwa wachache. Siku za kwanza nilidhani ni mapambo. Baadaye nikajifunza kwamba mpangilio huo hubadilishwa watu wakibadilika, na kwamba Sipoo, karibu na Helsinki, palikuwa mahali pa Kiswidi kwanza na sasa ni pa Kifini kwanza. Nadhani fundi aliyepandisha neno moja na kuteremsha jingine alilipwa ujira wa siku kama kawaida.

Ndani ya ukumbi wa halmashauri mambo ni ya taratibu. Diwani ana haki ya kusema kwa lugha yake, na mwenzake asiyeelewa ana haki ya kuomba afafanuliwe. Miito ya mikutano ya baraza na kumbukumbu zake hutolewa kwa lugha zote mbili. Elimu ina kamati au sehemu mbili, kila moja kwa shule za lugha yake, kwa maana shule hazichanganywi: shule ya Kifini ni ya Kifini, ya Kiswidi ni ya Kiswidi, hata zikiwa zinatazamana uwanja mmoja. Jambo hili lilinitatiza mwanzoni, mimi niliyefundishwa kwamba kukaa dawati moja ndiko kujenga taifa. Wenyeji wa Kiswidi walinijibu kwa subira kwamba mahali ambapo lugha mbili hukaa dawati moja, baada ya muda hubaki moja, na wanajua ni ipi.

Yote hayo husimama juu ya daftari moja la wakazi. Kila mtu ameandikwa humo lugha ya mama, na nafasi ni ya lugha moja tu. Mtoto wa mama wa Kifini na baba wa Kiswidi, anayeongea zote mbili tangu kinywa kilipofunguka, lazima wazazi wake wachague. Siku hizi wengi wa watoto wa namna hiyo huandikwa wa Kiswidi, na hilo limesaidia kuzuia mteremko wa namba. Mtu anaweza kubadili baadaye kwa taarifa tu, wala haulizwi sababu. Lakini kuandika mbili hawezi.

Binti yetu alipozaliwa fomu ilitufikia na sisi. Mama watoto alitaka tuandike Kiswidi, kwa kuwa majirani wote wa ngazi yetu walikuwa wa Kiswidi na chekechea tuliyoipenda ilikuwa ya lugha hiyo. Mimi nilisema chekechea atapokelewa vyovyote vile. Akaniuliza, «Sasa baba, huku ukimwandika Mswahili, nani atamhesabu?» Lilikuwa swali la haki, na jibu lake nililijua: hatahesabiwa upande wowote. Si Mfini wala Mswidi katika hesabu ile. Tena si hivyo tu. Asilimia 8 hukatwa katika wakazi wote, pamoja na sisi wageni. Kila mgeni anayehamia katika halmashauri ndogo ya pwani, bila kusema neno, anapunguza kwa chembe asilimia ya wachache wa hapo. Tuliandika Kiswahili. Akaenda chekechea ya Kiswidi, na Kifini akakiokota uwanjani kwa watoto wenzake.

Wasemaji wa lugha nyingine, Kirusi, Kiestonia, Kiarabu, Kisomali na nyinginezo, wamekuwa wengi kuliko wasemaji wa Kiswidi tangu katikati ya miaka ya 2010, na sasa ni zaidi ya mara mbili yao. Wasemaji wa Kiswidi ni kiasi cha asilimia 5 ya watu wote, chini kidogo ya 290,000. Basi wapo wanaouliza kwa nini hao wawe na lugha ya taifa na Wasomali wasiwe nayo. Jibu la kisheria ni jepesi: katiba, ile ya 1919 na tena ile ya mwaka 2000, haikuhesabu vichwa, ilitaja lugha mbili zilizoijenga nchi. Lakini halmashauri inahesabu vichwa. Hapo sheria ina mioyo miwili, na sidhani kama kuna mtu atakayeipatanisha. Wasami wa kaskazini, wenyeji wa kale kuliko wote, walipata sheria yao ya lugha mwaka 1992 tu.

Mfano wa mambo kwenda kinyume cha matarajio ni Närpiö, au Närpes kwa jina lake la Kiswidi, kusini ya Vaasa. Ni mahali pa mabanda ya vioo yanayolimwa nyanya, na kazi za humo zimewaleta Wavietnam tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na Wabosnia waliokimbia vita vya miaka ya 1990. Hao hawakujifunza Kifini. Walijifunza Kiswidi, tena lahaja ya huko ambayo hata watu wa Stockholm huikunjia uso. Nimemsikia mzee wa Kivietnam akibishania bei ya mbolea kwa lahaja ile, na mwuzaji akimjibu kama anavyomjibu shangazi yake.

Sheria ni kitu kimoja, na kaunta ni kitu kingine. Wafini wote tangu mageuzi ya shule ya miaka ya 1970 husoma lugha ya pili ya taifa, na vijana wengi wa Kifini hulalamika juu ya hicho wanachokiita Kiswidi cha lazima. Tangu 2005 mtihani wake wa mwisho wa sekondari ni wa hiari. Matokeo ni kwamba karani ana cheti cha Kiswidi na hana Kiswidi. Nami nimeona mara nyingi jinsi msemaji wa Kiswidi anavyofika dirishani, anavyoanza kwa lugha yake, anavyoona uso wa karani ukiingiwa na hofu, na anavyohamia Kifini kwa upole ili asimwaibishe. Haki haikunyimwa na mtu. Imerudishwa mfukoni tu na mwenyewe.

Kwa mtu mzima mwenye afya hilo ni adabu. Jirani yetu, bibi mmoja wa zaidi ya miaka 80, mjane wa mvuvi, alizungumza Kifini kizuri alipokuwa anatuuzia samaki. Kisha maradhi ya kusahau yakamwanza. Kifini kilitoka kwanza, kana kwamba kilikuwa juujuu kama vumbi, na Kiswidi cha utoto kikabaki. Alipolazwa katika nyumba moja ya wazee, zamu za usiku hazikuwa na mtu wa kumwelewa. Aliomba maji akaletewa blanketi. Mke wangu, ambaye Kiswidi chake ni cha chekechea tu kwa kumfuata mtoto, ndiye aliyekuwa akimwendea jioni na kumkalimania kwa muuguzi. Mmatumbi anamtafsiria Mfini kwa Mfini mwenzake. Bibi alimwita flicka, yaani msichana, hadi mwisho, na nadhani alimdhania mtu mwingine.

Tangu Januari 2023 hospitali na nyumba za wazee hazimo tena mikononi mwa halmashauri. Zimehamishiwa kwenye maeneo makubwa ya huduma, na eneo huwa la lugha mbili ikiwa ndani yake imo halmashauri moja tu ya namna hiyo. Kwenye karatasi haki imepanuka. Wenyeji wana wasiwasi kwamba ofisi inayoamua zamu za usiku sasa iko mbali zaidi, na wanakumbuka mwaka 2016, serikali ilipoamua hospitali kubwa ya Seinäjoki, mji wa Kifini, ipewe hadhi ya dharura kamili na ile ya Vaasa iikose. Hospitali ya Vaasa ilirudishiwa hadhi hiyo baada ya miaka kadhaa ya kelele.

Halmashauri zimebaki na shule, vibao na mabaraza. Hesabu ya lugha hufanywa kila baada ya miaka 10, na inayotumika sasa ilianza 2023 na itakoma mwisho wa 2032. Kabla ya hapo madiwani wa Lohja watakaa tena na kuamua kama waombe.